Mikebe ya Anselimo na Tarehe Zake

Juzi mjukuu wangu Grâce alimpa mbuzi pakiti nzima ya makaroni. Nilipomuuliza mbuzi amefanya kazi gani hata aandaliwe karamu, akanionyesha maandishi mgongoni mwa pakiti. Tarehe ilikuwa imepita jana yake. Mbuzi alitafuna yote, akajilamba, akarudi kwenye majani yake. Mpaka leo anapiga kelele kila asubuhi kama kawaida.

Vijana, hasa nyinyi mnaoanza kazi kwenye depo na maduka ya hapa Bunia, ngoja tuzungumze kidogo juu ya hizo tarehe. Nilitunza depo, ghala la vyakula, karibu na soko kuu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zikaisha kabisa. Mchele, maharagi, unga, sukari, mafuta, samaki wa mkebe, nyanya za mkebe, maziwa ya unga, vyote vilipita mikononi mwangu vikitoka Uganda au Kisangani, vikienda Mahagi, Djugu, Mongbwalu na kwingineko. Watu waliniita Papa Depo. Jina hilo limenifuata hadi nyumbani, ingawa siku hizi depo yangu ni kabati moja, na ufunguo wake anao mke wangu.

Mnaniuliza kila mara: tarehe ikipita, chakula kimekufa? Jibu langu huwaudhi, maana si ndiyo wala si hapana. Aliyeandika ile tarehe alikuwa kiwandani. Aliwazia mkebe wake umekaa mahali pakavu, penye kivuli, haujaanguka hata mara moja. Hakuwazia lori lililozama kwenye matope msimu wa mvua, dereva amelala chini yake na wapakizi wanacheza karata. Hakuwazia paa la mabati saa nane mchana. Tarehe yake ni ahadi ya mtu wa mbali, na ahadi ya mtu wa mbali huheshimiwa, lakini hujengi nyumba juu yake.

Halafu tarehe zenyewe hazisemi neno moja. Kuna inayosema: kabla ya siku hii, ladha itakuwa ile tuliyokuahidi. Hiyo ndiyo mtaikuta kwenye mchele, makaroni, sukari na mikebe mingi. Ikipita, pengine biskuti imelegea na chai imepoteza harufu, basi. Kuna nyingine inayosema: baada ya siku hii, usile. Hiyo msibishane nayo. Na maziwa ya watoto wachanga ni habari nyingine kabisa. Hapo sitaki kusikia hekima ya mtu yeyote, hata yangu. Tarehe ya maziwa ya mtoto ikipita, mimina chini. Mtoto hana akiba ya nguvu ya kufanyia majaribio.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Kahindo, mwanamke mfupi kutoka upande wa Butembo, mkuu wa depo wakati nilipoingia. Alivaa kijiko cha chuma shingoni, kimefungwa kamba, kama wengine wanavyovaa rozari. Siku zangu za kwanza nilipanga mikebe ya nyanya kwa uzuri wote niliokuwa nao, mipya mbele iking'aa, ya zamani nyuma. Nikasimama kando nikingoja sifa.

“Weye iko napanga depo ao iko napamba nyumba ya arusi?” akaniuliza.

“Mama, wateja banapenda kitu mupya.”

“Mupya itangoja. Muzee haiwezi kungoja. Geuza yote.”

Niligeuza yote, mgongo ukaniuma hadi Jumapili. Kazi ya depo imejengwa juu ya hilo tu: kilichotangulia kuingia kitangulie kutoka. Mkilishika hilo, tarehe hazitawapa shida kubwa, kwa sababu hakuna kitakachozeeka kwenye kona bila nyinyi kujua. Inueni magunia juu ya mbao, yasiguse sakafu. Acheni nafasi kati ya katoni na ukuta, mwili mmoja uweze kupita. Panya hapendi mahali ambapo mtu anaweza kupita.

Baadaye Mama Kahindo alinifundisha kusikiliza. Alinifunga macho kwa kitenge, akaniweka mkebe mkononi, akanipa kijiko chake nigonge kifuniko. Mkebe mzima hujibu kwa sauti kali na fupi. Ulioingiwa na hewa huitika kama mtu mwenye jino bovu, sauti nzito, shavu limevimba. Nilikosea sana, naye alicheka sana, na wapakizi wakapata kitu cha kusimulia kwenye pombe. Lakini sikio likazoea. Hata hivyo sikio peke yake halitoshi, kwa hiyo palikuwa na beseni la maji ya uvuguvugu pia. Mkebe unaoutilia shaka unauzamisha na kuubana kwa vidole. Kikitoka kipovu, kuna tundu, hata kama jicho halilioni. Mkebe uliovimba wenyewe huo haugongwi wala haubanwi, na hauonjwi hata kwa ncha ya ulimi. Unatupwa. Tena unautoboa kwanza mbali na uso wako, kwa sababu ukiutupa mzima, kuna mtu mwenye njaa atauokota na kumshukuru Mungu.

Mambo mengine yanaonekana wazi. Mchele ukiingia wadudu, unauchekecha na kuuanika, maisha yanaendelea. Unga wa mahindi unaonuka kama mafuta ya taa ya zamani umekwisha, tarehe iseme inavyotaka. Mafuta ya kupikia yakikaa dirishani yanachacha mapema, yakikaa gizani yanakushangaza kwa umri wake. Maharagi ya zamani hayaozi, yanapata kiburi. Unayachemsha asubuhi, mchana bado yanakutazama, na makaa yamekwisha.

Nikumbuke na ya Mongbwalu, kwa sababu hapo ndipo nilipoacha kabisa kuiogopa tarehe na nikaanza kuiogopa barabara. Papa Sefu, mfanyabiashara wa kule aliyewauzia wachimbaji wa dhahabu, alirudi siku moja na gunia la mikebe, uso umekunjamana.

“Papa Depo, uliniuzisha vitu ya mubaya.”

“Tarehe inasema nini?”

“Tarehe iko bien, iko muzuri! Boate njo iko mubaya.”

Nilipozitoa hizo boate, yaani mikebe, ilikuwa imebondeka kila upande. Mkebe uliobonyea tumboni mara nyingi hauna neno. Ule uliopigwa kwenye mshono, pale kifuniko kinapokutana na mwili, usiuamini. Mikebe ya Papa Sefu ilipigwa kwenye mshono karibu yote. Nikatoka nje kumtazama kijana wake wa pikipiki akipakia mzigo mpya. Alipasua katoni zangu moja baada ya nyingine, maana katoni huzuia upepo na kumyumbisha, akamimina mikebe ndani ya gunia kama viazi, akalifunga nyuma ya kiti. Kutoka hapo hadi Mongbwalu kila shimo la barabara lilikuwa likiipigisha mikebe ngumi.

Tulitafuta dawa, tukaipata kwa wauza mitumba. Marobota ya nguo yalikwenda kule kila wiki, basi tukaanza kuficha mikebe katikati ya suruali na makoti. Mikebe ikafika mizima. Mara moja tu mkebe wa samaki ulipasuka ndani ya robota, na mwenye nguo akaja kunifokea. Baadaye tulisikia mchimbaji mmoja alizinunua zile suruali bila hata kuuliza harufu ile ni ya nini.

Sasa msije mkasema Papa Depo anadharau tarehe. Jirani yangu mmoja alikuwa na mkebe wa maziwa ya unga juu ya kabati la sebuleni, pale mnapoweka picha za komunyo na saa isiyotembea. Mnalijua jambo hili, kwa sababu hata kwenu upo. Mkebe wa mgeni. Watoto wanakunywa chai ya rangi, mkebe unapanguswa vumbi kila Jumamosi, unangoja mgeni mwenye heshima. Mgeni mwenyewe alipofika alikuwa padri. Mkebe ukafunguliwa kwa fahari, na mimi nilikuwapo. Tarehe yake ilikuwa imepita zamani, na maziwa yale yalinuka mshumaa. Padri alikunywa kikombe chote, akashukuru, na alipoongezewa akasema daktari amemkataza. Hakuumwa, lakini nilimhurumia. Mnamtunzia mgeni kitu kizuri mpaka kinakuwa kibaya, halafu ndipo mnampa. Fungueni mikebe hiyo, watoto wanywe.

Na Tchomia, kule ziwani, wanakula miaka yote bila tarehe hata moja. Nilikwenda huko na mnunuzi mgeni, mtu mwenye shati lililopigwa pasi, akamuuliza mwanamke mwenye rundo la samaki wakavu kama anajua tarehe ya mwisho ya samaki wake. Mama yule akamwinulia samaki mmoja mpaka usoni.

“Tarehe yake? Iko mu pua yako. Nusa.”

Samaki mkavu unamnusa, unamkunja. Akivunjika vizuri, sawa. Akijikunja kama ngozi mbichi, mrudishe juani. Watu wa Tchomia wanajua moshi, wanajua jua, na juu ya vyote wanajua chumvi. Huko ndiko alikotoka Anselimo, na habari yake ndiyo iliyonifanya nikae chini leo niwaandikie.

Ujana wake wote Anselimo alitia samaki chumvi ufukoni Tchomia. Alipomwoa Rosina walihamia Bule, upande wa Djugu, wakafungua duka dogo karibu na soko, akawa mteja wangu. Alikuwa mteja wa taabu. Aligeuza kila mkebe kusoma tarehe, akachagua ile ya tarehe za mbali tu, akaniachia iliyobaki imetawanyika mezani. Nilimtania kwamba anachagua mikebe kama anayechagua mchumba. Yeye alijibu kwamba Bule kitu kinaweza kukaa muda mrefu kabla hakijapata mtu, na kwamba hataki mtoto wa mtu augue kwa kitu kilichotoka dukani kwake.

Hali ilipoharibika upande wa Djugu, watu wa Bule walifanya walivyofanya wazazi wao. Kabla ya kukimbia, walichimba. Mnaojua mnajua. Huwezi kubeba duka kichwani ukiwa na watoto, kwa hiyo unafukia, na unaomba anayekuja nyuma yako asiwe na jembe. Anselimo alichimba ndani ya zizi la mbuzi, chini ya samadi, akashusha pipa la plastiki. Maharagi aliyachanganya na majivu, akayatia kwenye madumu. Mikebe yake yote, ile ya tarehe za mbali, aliipanga ndani ya pipa safu kwa safu, na kila safu akaifunika kwa chumvi. Gunia zima la chumvi ya duka lilikwenda humo. Rosina alimshikia taa ya simu, akamsikia akisema kwamba kitu kilicholala ndani ya chumvi hakijawahi kumwangusha.

Walikuja Bunia, wakaishi kwenye kambi ya wakimbizi, na huko Anselimo akaugua akafariki. Alizikwa kwa haraka, kwa chakula cha kuombaomba, na jambo hilo lilimkaa Rosina kifuani. Siku ya mazishi aliapa mbele ya ndugu kwamba matanga hayatamalizika kwa chakula cha msaada. Siku ya kumaliza matanga, watu watakula alichoacha mume wake.

Kwa hiyo Bule ilipotulia kidogo, hakurudi kutazama nyumba. Alikwenda moja kwa moja kwenye zizi. Nyumba haikuwa na paa tena, lakini pipa lilikuwapo. Alipakia vyote kwenye pikipiki, akaja navyo hapa Bunia, kwa Désiré, mdogo wa marehemu, ambaye ni muuguzi kwenye kituo kidogo cha afya. Matanga yangefanyika uani kwake Jumamosi ile. Désiré alifungua gunia moja, akaona kutu, akasema kila kitu kitupwe. Rosina akasema hapana. Wakabishana mpaka majirani wakasikia, halafu Rosina akatuma mtu kuniita.

Nilikuta mikebe imepangwa juu ya mkeka, chumvi ndani ya magunia kando. Rosina alikuwa amepiga magoti, ananisomea tarehe kabla sijasalimia vizuri.

“Muzee, angalia. Haiyapita. Hii nayo haiyapita. Ata moja haiyapita! Désiré anasema tutupe. Tutupe nini? Anselimo alichagula yeye mwenyewe, weye uliona.”

“Niliona, mama.”

“Basi mwambie.”

Désiré alikuwa amesimama na mikono kifuani. Si mtu mbaya. Alikuwa na hofu ya watu wengi kula sufuria moja, na katika kazi yake ameshawaona watu waliokula sufuria moja. “Shemeki,” alimwambia, “watu wakiumwa hapa, watasema marehemu njo ameita wao.”

Niliomba kijiko. Nikagonga mkebe wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sauti zilikuwa nzito zote. Nikajiambia labda sikio langu nalo limestaafu. Nikaomba beseni. Rosina mwenyewe aliyapasha maji moto, akalileta, akachuchumaa karibu yangu. Nilizamisha mkebe wa samaki, tarehe yake ikiwa bado na safari ndefu, nikaubana. Kipovu kikatoka, kidogo sana, kikapanda juu kikapasuka. Nikazamisha mwingine. Vipovu vikatoka mfululizo.

Rosina alivitazama. “Nani alitoboa?”

Hapo ndipo nilipotamani ningekuwa nyumbani kwangu. Jibu nilikuwa nalo tangu nilipoona ile kutu, madoa madogo madogo kama ndui, upande wote uliolaliwa na chumvi. Chumvi humlinda samaki. Chuma inakila, na ikipata unyevu inakila upesi. Kifuniko cha pipa kilikuwa na ufa, unyevu wa zizi ukaingia, chumvi ikalowana, ikafanya kazi yake. Anselimo angeiacha ile mikebe kwenye katoni zake tu, au hata ndani ya majani makavu, huenda yote ingekuwa mizima. Alichokifanya kwa upendo ndicho kilichoiua.

Désiré naye alikuwa amefahamu. Akawahi kusema, “Ni maji, shemeki. Shimo iliingia maji.”

Lakini Rosina hakumtazama yeye. Alinitazama mimi. “Muzee, miye nakuuliza weye.”

Ningeweza kusema ni maji, na lisingekuwa uongo mzima. Nikaona mwanamke aliyerudi Bule peke yake na jembe, akafukua peke yake, si mtu wa kupewa nusu. “Ni maji pamoja na chumvi,” nikasema. “Chumvi haipatane na chuma. Inakulaka chuma.”

Aliokota mkebe mmoja, akapitisha kidole gumba juu ya yale madoa. Nilitazama chini. Niliumia, sifichi. Nimekaa na mikebe maisha yangu yote, na sikuwahi kuona mkebe ukimwumiza mtu bila hata kufunguliwa.

Halafu nikasikia sauti, nikadhani analia. Alikuwa anacheka.

“Alitia boate chumvi,” akasema. “Anselimo! Alitia boate chumvi sawa samaki!”

Akacheka mpaka akakaa chini kwenye udongo. Désiré alijikaza, akashindwa, naye akaanza. Mimi nilicheka mwisho, kwa adabu, halafu bila adabu. Sote watatu tulimwona marehemu kwenye lile zizi, anawalaza samaki wa kiwandani kwa uangalifu kama aliowatoa ziwani mwenyewe. Kicheko cha Rosina kikageuka kilio bila kusimama katikati, na tukamwacha alie.

Alipojifuta uso kwa kitenge chake, alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, “Basi hakuna kitu. Nimeapa bure.”

Désiré ndiye aliyejibu, na ninalisema hili ili mjue kwamba mwenye kutaka kutupa vyote si lazima awe mpumbavu. Alikuwa ameinama juu ya magunia ya kando. Sote tulikuwa tumekodolea macho mikebe, hakuna aliyelitazama lile ambalo mikebe ililalia. Alichota mkono mmoja wa chumvi, akaitazama juani, akatenga punje nyekundu za kutu, akaweka nyeupe ulimini.

“Na hii?” akasema. “Hii njo alikuwa anauzisha, hapana? Hii ni chakula.”

“Iko bien?” Rosina akaniuliza.

Nikaonja. Ilikuwa chumvi. Mkiniuliza chumvi inaharibika baada ya muda gani, nitawaambia kwamba ilikuwa ndani ya ardhi kabla mtu yeyote hajawa na kalenda. Désiré aliongeza kwamba ile dawa ya kuzuia rovu, uvimbe wa shingo, wanayoichanganya kiwandani hupungua kwa muda na unyevu, na hilo ni kweli, lakini hakuna anayeota rovu kwa mlo mmoja. Palipoguswa na kutu tulipatenga tukapatupa. Mikebe tuliitoboa yote na kuifukia kwenye shimo nyuma ya choo. Rosina aliishusha mwenyewe, mmoja mmoja, akaipanga. Hakuna aliyemharakisha. Chumvi nyeupe iliyobaki ilijaza beseni kubwa, ikamwagika pembeni.

Maharagi ya kwenye madumu yalikuwa salama ndani ya majivu yake. Yalikuwa na kiburi kama nilivyowaambia. Wanawake waliyaloweka tangu Ijumaa, wakayaweka motoni alfajiri kwa magadi kidogo, na mpaka misa inaisha yalikuwa bado yanazungumza ndani ya sufuria. Ndugu wa Tchomia walileta samaki wakavu. Majirani walileta sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na unga wa bugali. Mambo hayo Rosina hakuyakataa. Alikataa kitu kimoja tu: mwanamke mmoja alipokuja na pakiti mpya ya chumvi, Rosina aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaipeleka ndani ya nyumba, akafunga mlango. Kila sufuria iliyokuwa motoni alipita nayo yeye, beseni kiunoni, akitia kwa mkono.

Tulikula kwenye viti vya kukodi, chini ya turubai. Nilikaa kati ya Désiré na shangazi wa marehemu, bibi wa ziwani asiye na meno mengi, aliyekuwa akiyalalamikia maharagi na kuyaongeza. Kisha niliona kila mmoja anatafuta maji. Jagi lilizunguka, likarudi tupu, likajazwa, likazunguka tena.

Désiré akaniinamia. “Muzee, chumvi imezidi.”

Alisema polepole, lakini Rosina alikuwa nyuma yetu na sufuria ya mchuzi. Akanijazia sahani bila kuniuliza.

“Acha izidi,” akasema. “Leo ni Anselimo njo iko napika.”